Mkono Uliozuia Nduru

Kama leo umeambiwa kwamba mtu wako ana pepopunda, keti kwanza. Halafu vua viatu. Fukuza jogoo uani, mfunge mbwa mbali, na yeyote atakayeangusha sufuria karibu na mgonjwa huyo mshike shingo umtoe nje, hata kama ni mchungaji. Dawa ni kazi ya daktari. Kazi yako wewe ni kimya, na kimya si kazi ndogo, hasa kwetu sisi watu wa Nyanza Kusini ambao hata salamu tunapeana kwa sauti ya kuvuka mto.

Nayaandika haya nikiwa nimepona, isipokuwa mgongo. Naitwa Peres. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Migori, na jioni niliongoza kwaya ya kanisa letu. Nilikuwa na mume, Okello, fundi wa baiskeli, na binti mmoja, Achieng'. Nilikuwa pia na mama mkwe ambaye hakunipenda, wala hakuficha. Alisema mwanamke anayesimama mbele ya wanaume akiwapungia mikono ipo siku ataota pembe.

Aliyenifundisha kupunga hiyo mikono alikuwa Bwana Thornley, Mwingereza mrefu mwenye nywele nyeupe zisizojua kitana. Mwaka wa pili baada ya Uhuru aliletwa wilayani kwetu kukusanya kwaya zote za makanisa, kuanzia Migori hadi ziwani, azifanye kwaya moja kubwa ya kuimba Homa Bay. Yawa, yule mzee alikuwa na hasira! Alivunja kijiti cha kuongozea karibu kila zoezi. Siku moja alimrushia mwimbaji wa besi kitabu cha nyimbo kikampata puani, damu ikatiririka kwenye shati jeupe, na wimbo ukaendelea. Lakini tulimpenda. Nadhani ni kwa sababu alitugombeza kama watu walioweza.

Maisha yake alinisimulia baadaye, nikiwa kitandani. Kwao alikuwa ameongoza okestra, siyo waimbaji ishirini kama wangu, bali ukumbi mzima wa fidla na tarumbeta. Alianza kijana, akasifiwa, kisha vita vikamchukua na bomu likaliua sikio lake la kushoto. Aliporudi aliificha habari hiyo. Akaongoza hivyo hivyo, akigeuza kichwa kama kuku anayetafuta punje, mpaka siku ambayo mpiga fidla wa mbele, anayeketi upande huohuo wa kushoto, alipiga noti mbovu makusudi ili kumjaribu. Bwana hakusikia. Okestra nzima ikacheka. Akainua kile chuma cha kuwekea karatasi za muziki akampasua nacho yule mtu kichwa. Baada ya hapo hakuna ukumbi uliomtaka, ndipo akatafuta kazi ya kufundisha mbali, akafika kwetu.

Alikuwa na sheria moja iliyopita zote. Mkono wake ukiwa juu, hakuna anayetoa sauti, hata kikohozi, mpaka ushuke. "Hapo ndipo muziki iko," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake kile. "Watu wote nafikiri muziki iko ndani ya kelele. Hapana."

Basi. Mimi ni mfupi, kwa hiyo alinipa kasha la sabuni nisimame juu yake nikiongoza. Msumari wa kasha hilo ulinichoma unyayo nikiwa katikati ya wimbo. Sikushuka. Ningeshukaje, naye ananitazama? Nilimaliza wimbo damu ikijaa kwenye ndara, nikaenda nyumbani kupitia zizini, nikapaka mafuta ya taa, nikasahau.

Taya ndilo lililoanza. Asubuhi moja wakati wa kiangazi nilishindwa kufungua mdomo wa kutosha kutafuna kiazi. Nikacheka, nikamwambia Okello ni mazoezi ya Bwana, kwani alikuwa akituamuru tupanue midomo kama viboko. Jioni shingo ikawa ngumu. Kesho yake Achieng' aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni, na mwili wangu ukanikamata.

Sina neno jingine. Madaktari wana lao. Mimi nilikamatwa, mgongo ukapinda nyuma mpaka nikawa nimesimamia kisogo na visigino, tumbo juu, meno yakisagana. Kila msuli ulivutwa kwa wakati mmoja na mtu asiye na huruma. Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba akili haiondoki. Uko ndani, unaona kila kitu, unamwona mtoto wako analia kwa sababu anadhani amekuua kwa kifuniko cha sufuria. Nilitaka kumwambia siyo yeye. Midomo ilikuwa imevutika meno yote nje, Achieng' akadhani namcheka.

Mama mkwe alisema ni uchawi, nipelekwe kwa mganga. Okello alisema hospitali. Walipigana maneno mlangoni, na kila neno lilinikunja upya, mpaka Okello akamsukuma mama yake mzazi, akaanguka juu ya kinu. Sijasahau uso wa mama yule. Aliinuka, akajipangusa, akachukua shuka lake na kupanda nasi kwenye gari la Bwana Thornley bila kuulizwa. Njia ya Homa Bay ilikuwa mashimo tu. Nilifika jino moja likiwa limepasuka na ulimi nimeukata.

Waliniweka chumba cha mwisho, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Sista alimweleza Okello waziwazi, nami nasikia: sauti moja kubwa inaweza kunikamata kifua nisivute pumzi tena, nikafa hapohapo. Sindano zilikuwa asubuhi na jioni. Za kulaza ziliingia na harufu kali iliyopanda mpaka puani, nikalala usingizi usio na raha. Siku zangu nikazigawa hivyo, kabla ya sindano na baada ya sindano. Wauguzi walitembea bila viatu. Mlango walikuwa wameupaka mafuta ya kupikia kwenye bawaba.

Kulishwa ndiko kulikonitisha zaidi. Mpira wa puani ulinikamata kila walipojaribu, na taya halikufunguka hata kwa kijiko. Ndipo mama mkwe akanitazama mdomo. Nilipokuwa msichana bibi yangu alining'oa meno sita ya chini ya mbele, kama walivyofanywa wasichana wa zamani. Shuleni nilichekwa kwa ajili ya pengo hilo, na Bwana Thornley mwenyewe aliwahi kunifokea kwamba naimba kama filimbi iliyotoboka. Mama mkwe alichukua mrija, akaupitisha penye pengo, akaweka uji tone kwa tone. Kila tone alisubiri nimeze. Mikono yake ilinuka moshi na samaki, na niliishi kwa mikono hiyo. Ewe unayeuguza, usidharau hata pengo la meno.

Sasa nikwambie upumbavu wa wema wetu. Kwetu mwimbaji akilazwa, kwaya yake humwendea. Haiendi kumtazama tu. Inamwimbia, hata kama hajitambui, na asipoimbiwa watu wake wananung'unika mwaka mzima kwamba alitupwa. Kwaya yangu ilikodi lori kutoka Migori. Walivaa sare na kujipanga chini ya dirisha langu, soprano mbele, besi nyuma, nilivyowafundisha mwenyewe. Okello alikuwa ameenda kutafuta maji. Hakuna aliyewaambia.

Sauti nne zikaingia pamoja, safi kabisa. Sijawahi kuwasikia wakiingia vizuri vile. Nikakamatwa, na kitu kikalia ndani ya mgongo wangu, kama ukuni ukivunjwa gotini. Ulikuwa mfupa. Damu ikanijaa mdomoni. Mama mkwe alinilalia kifuani kwa uzito wake wote huku akiniambia sikioni, "Vuta, vuta," na pumzi haikuvutika. Huko nje walidhani natikisika kwa furaha ya Mungu, wakaongeza ubeti.

Okello, mtu ambaye sikuwahi kumwona akimpiga hata mbuzi, alikuja mbio akadondosha ndoo na kumpiga ngumi yule wa kwanza aliyemfikia. Akampiga wa pili. Wanakwaya wakapigana naye kwenye nyasi, sare zikachanika, wanawake wakamvuta shati, mpaka sista akatokea akawaeleza. Walivyonyamaza! Wengine waliketi chini wakaziba midomo yao kwa viganja. Mimi nilirudi kwenye pumzi nikiwa na rangi ya jivu, ndivyo nilivyoambiwa.

Bwana Thornley aliposikia, hakugombeza mtu. Alileta kiti chake uani, akakiweka kati ya dirisha langu na wodi nyingine, akaketi. Tangu siku hiyo akawa mlinzi. Mtu akiingia na ndoo, Bwana anainua mkono. Watoto wakikimbia, mkono. Mwanzoni walimcheka, baadaye wafagiaji wakajua, wauza ndizi wakajua, hata wagonjwa wa malaria wakawa wanatapika kwa adabu. Mama mkwe, aliyekuwa akichungulia penye upenyo wa blanketi, alininong'oneza, "Mzungu wako anaongoza ua mzima."

Lakini kuna sauti ambayo hakuna aliyejua tungeizuiaje. Kwetu mtu akikata roho, wanawake wake hupiga nduru palepale. Ni ukelele mrefu wa koo lote, unaosikika kijiji cha pili, ili walio hai na waliokufa wajue kwamba mtu ameondoka na kwamba alikuwa na watu. Mwanamke asiyempigia mtoto wake nduru ni mwanamke wa kutiliwa shaka. Wodi ya watoto ilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa nalala nikimwomba Mungu mtoto asife, na najua haikuwa kwa ajili ya watoto.

Mtoto akafa. Aliitwa Owino, alikuwa na surua, na mama yake, min Owino, alikuwa ametoka naye Magunga. Mama mkwe aliniona nikisikiliza, maana nilimsikia muuguzi akisema pole. Kisha nyayo za mwanamke zikatoka barazani. Nilijua kinachofuata. Nilijua ndio mwisho wangu, nikamtafuta Achieng' akilini ili nife nikiwa naye.

Haya mengine niliyasimuliwa na mama mkwe. Min Owino alitoka mtoto begani, mdomo tayari wazi, kifua kimejaa. Bwana Thornley akasimama mbele yake na kuinua mkono wa kulia. "Mama," akasema polepole. "Hapana hapa. Nakuomba. Iko mama mwingine ndani. Kelele itaua yeye."

Yule mama hakujua Kiswahili. Alimtazama tu. Ndipo mama mkwe akaruka nje miguu mitupu, akapiga magoti mbele yake na kumwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini kabisa, "Binti yangu yuko mle. Ukilia, anakufa."

Binti yangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Min Owino alikusanya pembe ya leso yake, akaisukuma mdomoni yote na kuiuma. Macho yalimtoka. Mwili wake ulikuwa unatikisika kwa nduru iliyokosa njia.

Wakati huo shemeji yake, ndugu wa mumewe, alikuwa akiingia langoni na rungu mkononi. Aliona nini? Aliona Mzungu ameinua mkono juu ya mwanamke wa kwao aliyefiwa, na mwanamke huyo ameziba mdomo. Alikuja kutoka kushoto. Sikio lile lilikuwa limekufa tangu vitani, Bwana hakumsikia.

"Hata kilio mnatunyima?" alifoka. "Si tulipata Uhuru?"

Sauti hiyo ilinifikia, ikanikunja. Nikiwa nimekunjika nikasikia rungu likitua. Lilimpata mkono ule ulioinuliwa, mfupa ukavunjika, na Bwana Thornley, mtu aliyewahi kupiga kelele kwa ajili ya noti moja ya alto, hakutoa sauti. Alifungua mdomo tu. Shemeji akapiga tena palepale. Bwana akaanguka kwa goti moja. Akaushika mkono uliovunjika kwa mkono wake wa kushoto, akauinua tena juu, vidole vikining'inia, damu ikishuka ndani ya shati mpaka kwapani.

Okello alifika akamrukia shemeji mgongoni, akamkaba. Wakabiringika mchangani wakikabana, wakiumana, na Okello hakusema neno kwa sababu yangu. Shemeji alivuta hewa ili afoke tena. Min Owino akamfikia kwanza. Mtoto bado begani, alimbandika kiganja mdomoni na kumtazama. Basi ugomvi ukaishia hapo, watu watatu mchangani wakihema kwa pua. Mimi ndani, kifua kikaachia.

Min Owino alitoka langoni, leso bado mdomoni. Alitembea hadi barabarani, mbali, penye ruhusa ya kulia. Alipoitoa leso, nduru haikuja. Alijaribu. Koo lilikuwa limekauka. Akampeleka nyumbani Magunga mtoto asiyepigiwa kilio mahali alipofia.

Mvua ndefu zilipoanza, taya langu lilifunguka upana wa kidole. Sindano za jioni zikaachwa, halafu za asubuhi. Nilijifunza kuketi, kisha kusimama, na niliposimama Okello alinitazama akageuza uso: mgongo ulikuwa umebaki umeinama, nami niliyekuwa mfupi nikawa mfupi zaidi. Niliuchukia mwili huo. Nililia nikaoga nikilia. Kama wewe pia unauchukia wako baada ya kupona, uchukie, hakuna anayekukataza, lakini unywe uji wako.

Mkono wa Bwana Thornley uliungwa vibaya. Vidole vitatu havikukunjika tena, na kijiti kilimponyoka kila alipojaribu. Kwaya kubwa iliimba Homa Bay ikiongozwa na mtu mwingine. Aliketi nami kando ya kitanda siku hiyo, na hapo ndipo aliponisimulia habari za okestra na yule mtu wa fidla. Nilimuuliza kama anajuta kuuinua mkono uani. "Wewe nauliza mambo ya kijinga," alisema kwa hasira, akaniambia nifanye mazoezi ya pumzi.

Mavuno yalipokaribia, mama mkwe alirudi kutoka sokoni na habari. Alikutana na mwanamke wa Magunga. "Yule mama wa Owino," akasema huku akitua kikapu, "wanamwita mchawi. Wanasema alikuwa na jambo, ndio maana hakumlilia mtoto wake. Mumewe halali tena kwake. Hakuna anayechota maji pamoja naye, na shemeji yake aliyekuwapo uani hamtetei."

Sikuweza kula. Daktari alikuwa amenikataza safari na kelele. Nilimwambia Okello, "Tafuta lori." Akanitazama, akaenda.

Tulikwenda sote: kwaya yangu katika sare zilizoshonwa upya, Okello, mama mkwe, na Bwana Thornley amekaa mbele na mkono wake mapajani. Tulipita Homa Bay, tukashika bonde la Lambwe, mbung'o wakituuma kwenye shingo. Boma la min Owino tulilifikia jua likiwa bado juu. Wakwe zake walikuwa uani wakipukuchua mahindi, shemeji miongoni mwao. Aliuona mkono wa Bwana, akaacha kupukuchua.

Tulisimama langoni, soprano mbele, besi nyuma. Bwana Thornley akainua mkono wa kushoto. Hakuna aliyekohoa. Niliogopa, nakuambia ukweli. Niliogopa mgongo wangu zaidi ya nilivyowahi kuogopa chochote. Kisha akaushusha, nasi tukapiga nduru.

Mgongo ulishtuka. Haukunikamata. Nilipiga kwa koo lote, kwa pengo la meno yangu, wanaume wakapiga nasi, jambo ambalo halifanyiki, na watu wa maboma ya jirani wakaanza kuja mbio.

Min Owino alitoka jikoni, unga umemjaa viganjani. Alikuwa amekonda. Alituangalia, hakunijua, maana hakuwahi kuniona.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama mkwe akamsogelea. "Owino," akamwambia kwa sauti kubwa, ili boma lote lisikie. "Owino wako amekufa, mama. Alifia Homa Bay, na wewe ulilizuia koo lako ili binti yangu aishi. Huyu hapa. Tumekuja kumlilia."

Aliniangalia mimi na mgongo wangu. Aliuangalia mkono uliopinda wa yule mzee. Kisha akafungua mdomo, na safari hii hakuna aliyeinua mkono.